Msimamo wa Agosti: tunatabiri msimu uliokwisha

Mpe shabiki karatasi yenye namba 1 hadi 20, mwambie aupange msimamo wa Ligi Kuu England kabla mpira haujaanza, kisha usisome anachoandika. Tazama mkono wake. Nilifanya hivyo na rafiki yangu mmoja, mtu wa mpira kwelikweli, anayejua hadi kipa wa tatu wa timu asizozipenda. Namba 1 ilichukua muda, kalamu ikigongagonga meza. Namba 2, 3 na 4 zikafuata bila kusita. Halafu mkono ukaruka hadi chini kabisa, kwenye nafasi za kushuka daraja: 18, 19, 20, akaziandika timu tatu zilizopanda. Hapo hata pumzi hakuvuta. Aliporudi katikati ndipo nilipouona uchambuzi ukigeuka kuwa kazi ya kujaza fomu. Kati ya nafasi ya 8 na ya 16 hakuinua kichwa hata mara moja. Alipomaliza akahesabu, akakuta timu 19. Tulitumia dakika nzima kuitafuta iliyosahaulika. Ilikuwa Fulham. Akaichomeka nafasi ya 13, mambo yakaisha.

Kwa hiyo katikati simlaumu. Msimu wa 2023/24 Crystal Palace walimaliza wa 10 wakiwa na pointi 49, na Wolves wa 14 wakiwa na 46. Timu tano zimebanana ndani ya pointi tatu: ushindi mmoja, pengine penalti moja ya dakika za lala salama. (Fulham, kwa taarifa yako, walikuwa wa 13.) Anayekuapia kwamba Bournemouth watakuwa wa 11 na si wa 12 anarusha sarafu tu, na yeye mwenyewe anajua. Kinachonishughulisha ni juu na chini, pale alipoandika kwa uhakika. Nilipoiweka karatasi yake kando ya msimamo wa msimu uliokuwa umetoka kuisha, nne za juu zilikuwa zile zile, mbili tu zimebadilishana viti. Rafiki yangu hakuwa ametabiri kitu. Alikuwa amenakili, kisha akanyunyizia chumvi ya usajili.

Na hapa niseme jambo lisilowafurahisha wachambuzi wenzangu: kunakili kunalipa. Manchester City walitwaa ubingwa mara sita katika misimu saba, kuanzia 2017/18 hadi 2023/24. Bayern Munich walichukua taji la Ujerumani mara 11 mfululizo, kutoka 2013 hadi 2023. Mtu aliyekuwa akiandika majina hayo mawili kila Agosti, bila kutazama hata mechi moja ya kirafiki, angeonekana gwiji. Sababu haina siri. Klabu inayolipa mishahara mikubwa hukusanya wachezaji bora, na klabu iliyokuwa tajiri Mei haiamki maskini Agosti. Nakala ya mwaka jana, basi, ni mwanzo mzuri wa utabiri. Ubaya wake ni kwamba inatuzoesha kujiamini, halafu unakuja mwaka mmoja unaokataa kunakilika, na huo ndio mwaka tunaousimulia maisha yote.

Ujerumani mwaka huo ulikuwa 2023/24. Bayern walikuwa wamemsajili Harry Kane, na Kane akafanya kila alichotabiriwa: mabao 36 ya ligi. Ungeandika Agosti kwamba atakuwa mfungaji bora, ungepata. Ungeongeza kwamba kwa mabao hayo Bayern ni mabingwa, na hapo mkeka ungechanika, maana walimaliza wa tatu. Bayer Leverkusen ya kocha Xabi Alonso ilicheza mechi 34 bila kupoteza hata moja, ikafikisha pointi 90. Leverkusen wanakumbukwa na kila mtu. Mimi huvutiwa zaidi na waliokaa kati yao na Bayern. Stuttgart walikuwa wa pili kwa pointi 73, moja zaidi ya Bayern. Msimu uliotangulia walimaliza wa 16 na kunusurika kushuka kupitia mechi za mchujo dhidi ya Hamburg. Sijawahi kukutana na shabiki anayedai kwamba hilo aliliona mapema, na ukiwajua mashabiki, kukosekana kwa mtu wa namna hiyo ni ajabu kuliko Stuttgart wenyewe.

Lakini ningeruhusiwa mfano mmoja tu, ningeichukua Napoli ya Italia.

Katika usajili wa 2022 waliondoka nahodha Lorenzo Insigne, beki Kalidou Koulibaly, kiungo Fabián Ruiz, na Dries Mertens, mfungaji bora wa muda wote wa klabu hiyo. Mashabiki walichukia, na walikuwa na haki. Mahali pao wakaja beki Mkorea kutoka Fenerbahçe, Kim Min-jae, na winga wa Georgia ambaye jina lake watangazaji walilazimika kulifanyia mazoezi: Khvicha Kvaratskhelia. Mei 2023 Napoli walikuwa mabingwa kwa pointi 90, pointi 16 mbele ya Lazio walioshika nafasi ya pili. Ulikuwa ubingwa wao wa kwanza tangu 1990. Sote tukajifunza somo. Agosti iliyofuata tukawaandika juu. Kocha Luciano Spalletti alikuwa ameondoka na Kim alikuwa amekwenda Bayern, lakini bingwa ni bingwa, tukasema. Wakapita makocha watatu ndani ya msimu mmoja, wakamaliza wa 10. Tukajifunza tena.

Akaja kocha Antonio Conte. Mechi ya kwanza ya msimu wa 2024/25 Napoli walikwenda ugenini Verona wakalala 3-0, na si 3-0 ya bahati mbaya, ni ile ya timu inayotembea uwanjani kipindi chote cha pili. Jioni ile ungeweza kuwaandika wa saba bila mtu kukucheka. Mei walikuwa mabingwa: pointi 82, Inter 81.

Zipange nafasi zao kwa misimu minne, kuanzia 2021/22: ya 3, ya 1, ya 10, ya 1. Aliyenakili alikosea mara tatu mfululizo. Na kuna jambo dogo ndani ya hadithi hiyo ambalo kwangu ni kubwa kuliko namba zote. Siku ya kipigo cha Verona, Scott McTominay alikuwa bado mchezaji wa Manchester United. Alisajiliwa siku za mwisho za Agosti, ligi ikiwa imeshaanza. Akafunga mabao 12, likiwemo moja katika mechi ya mwisho dhidi ya Cagliari iliyoleta taji, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima. Kvaratskhelia, yule tuliyeanza naye, aliuzwa Januari kwenda Paris Saint-Germain. Kwa hiyo hata mtu aliyeandika Agosti "Napoli bingwa", akapatia, alikuwa anazungumzia timu nyingine. Kikosi alichokipigia hesabu sicho kilichobeba kombe.

Hili la usajili ndilo linalotupoteza zaidi. Tunaandika msimamo dirisha la usajili likiwa wazi, na bado usajili ndio tunaoupa uzito kuliko kitu kingine chochote. Naelewa kwa nini: kati ya Juni na Agosti hakuna kingine cha kutazama. Mchezaji mpya anapigwa picha akiwa na jezi, anaandikwa, anajadiliwa mpaka usiku. Beki wa kushoto aliyemaliza msimu akicheza na maumivu hapigwi picha. Kiungo mkabaji aliyetimiza miaka 32 hapigwi picha. Mambo yatakayoamua mechi za Februari yapo tayari mwezi wa nane, ila hayana habari.

Mwaka 2024 kocha Jürgen Klopp aliondoka Liverpool, akaingia Arne Slot, na mchezaji pekee aliyenunuliwa kwa ajili ya msimu huo alikuwa Federico Chiesa. Kipa Giorgi Mamardashvili alinunuliwa pia, lakini akaachwa Valencia kwa mwaka mmoja. Kwa macho ya Agosti ilikuwa klabu iliyolala. Wala si mashabiki peke yao waliosoma hivyo. Kompyuta ya kampuni ya takwimu ya Opta, baada ya kuucheza msimu mara elfu nyingi, iliwapa City zaidi ya asilimia 80 ya kutwaa ubingwa na Liverpool kama asilimia 5. Nao Liverpool wakautwaa zikiwa zimebaki mechi nne. City walimaliza wa tatu. Mashine hailaumiwi, ilifanya kile rafiki yangu alichofanya, kwa hesabu safi zaidi: ilinakili. Ila goti la Rodri, kiungo wa City, lililoharibika Septemba dhidi ya Arsenal, halikuwamo ndani ya kompyuta.

Mwaka uliofuata funzo likageuzwa juu chini. Liverpool walifungua pochi: Florian Wirtz, Hugo Ekitike, na siku ya mwisho ya dirisha Alexander Isak. Karatasi nyingi zikawaweka wa kwanza. Wakashinda mechi tano za mwanzo za ligi, tano kati ya tano, na kwa mwezi mzima kila aliyewaandika juu alitembea kifua mbele. Kisha wakapoteza nne mfululizo: Crystal Palace, Chelsea, Manchester United, Brentford. Sikumbuki nikisikia mtu yeyote akitabiri mambo hayo mawili kwa pamoja.

Chini ya msimamo ni kwepesi zaidi, au ndivyo tunavyojidanganya. Rafiki yangu aliziandika timu tatu zilizopanda bila kuvuta pumzi kwa sababu alikuwa na ushahidi. Luton, Burnley na Sheffield United walipanda pamoja na kushuka pamoja 2023/24. Leicester, Ipswich na Southampton wakafanya hivyo hivyo 2024/25. Kabla ya hapo Ligi Kuu England ilikuwa imeshuhudia jambo hilo mara moja tu, 1997/98. Miaka miwili ikatosha kuifanya kanuni. Mwaka wa tatu Sunderland, waliokuwa wametoka kupanda, wakaanza kwa kuichapa West Ham 3-0, na Novemba walikuwa ndani ya nne za juu. Na kwa anayedhani kila aliyepanda kazi yake ni kujinusuru, Kaiserslautern walipanda daraja 1997, wakaifunga Bayern Munich mjini Munich siku ya kwanza kabisa, na wakamaliza msimu wakiwa mabingwa wa Ujerumani.

Siku ya kwanza! Hiyo nayo ina mitego yake. Utabiri wa shabiki una maisha ya siku nane: unazaliwa Jumamosi moja kabla ya ligi, unazikwa Jumapili ya mechi za kwanza. Baada ya hapo anatabiri upya kwa kutazama mechi moja. Kisa maarufu kuliko vyote ni cha Agosti 1995. Manchester United walikuwa wamewauza Paul Ince, Mark Hughes na Andrei Kanchelskis, wakaenda Villa Park na chipukizi, wakafungwa 3-1. Usiku ule Alan Hansen, beki wa zamani wa Liverpool na mchambuzi mwenye heshima zake, akasema kwenye televisheni kwamba huwezi kushinda chochote ukiwa na watoto. Watoto hao wakachukua ligi na Kombe la FA. Hansen anachekwa hadi leo, nami huwa namtetea. Alichokuwa nacho mbele yake ni dakika 90, na alijibu swali la dakika 90. Tofauti yake na sisi ni kwamba maneno yake yalirekodiwa.

Upande wa pili yupo Blackpool. Walipanda 2010, siku ya kwanza wakashinda 4-0 ugenini Wigan, wakaonja kilele kwa saa chache. Walishuka. Arsenal wa 2021 walianza kwa kufungwa na Brentford, kisha Chelsea, kisha City 5-0, wakawa mkiani bila pointi wala bao. Walimaliza wa tano.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba shabiki anajaribu kupatia. Mara nyingi hajaribu. Kuna mnazi, ambaye kila Agosti timu yake ni bingwa. Huyo hana madhara, unajua anachouza. Mgumu ni yule mwenye timu kubwa anayekwambia kwa sauti ya upole, "Sisi mwaka huu tukipata nne za juu nitashukuru." Huyo hatabiri, anakata bima. Timu ikimaliza ya tano, alisema. Ikichukua ubingwa, nani atakuwa na muda wa kumkumbusha katikati ya shangwe? Mimi mwenyewe nimewahi kukata bima hiyo misimu mitatu mfululizo, na nakiri inafanya kazi: maumivu yanapungua. Kinachopotea ni utabiri.

Halafu kuna karatasi zinazoandikwa kwa ajili ya mtani. Hizi nilidhani ndizo zinazotia chumvi kupita kiasi, mpaka 2024/25 iliponirekebisha. Manchester United walimaliza wa 15 na Tottenham wa 17, kisha wakakutana fainali ya Europa League mjini Bilbao, Tottenham wakashinda 1-0. Sijaona karatasi ya mtani hata mmoja, hata mwenye kinyongo cha miaka ishirini, iliyothubutu kuandika hivyo. Kejeli zetu zote hazikufika pale ukweli ulipofika.

Wapo wanaosema dawa ni wingi: kusanya karatasi za mashabiki elfu moja, tafuta wastani, makosa yatafutana. Hoja hii ina asili nzuri. Mwaka 1906, kwenye maonyesho ya mifugo Plymouth, watu walishindana kukisia uzito wa nyama ya ng'ombe mmoja. Mwanasayansi Francis Galton alizichukua karatasi 787, akakuta kisio la katikati ni ratili 1,207. Mizani ilisema 1,198. Umati ulikosea kwa chini ya asilimia moja. Lakini wale walikuwa wanamtazama ng'ombe, kila mtu kwa macho yake. Mmoja alizidisha, mwingine akapunguza, na makosa yakaumana yenyewe kwa yenyewe. Sisi hatumtazami ng'ombe. Tunatazamana. Tumesoma habari moja ya usajili, tumeona kipande kimoja cha video cha winga mpya akipiga chenga mbili kwenye mechi ya kirafiki, tumenakili msimamo ule ule mmoja. Makosa yetu yote yanaelekea upande mmoja, na ukiyajumlisha hayafutani, yanashikana mikono. Ndiyo maana Leicester City walianza msimu wa 2015/16 wakipewa 5,000 kwa 1 na kampuni za kubashiri, wakiwa wametoka kumaliza wa 14, na kocha wao mpya Claudio Ranieri ametoka kutimuliwa na Ugiriki baada ya kufungwa na Visiwa vya Faroe. Namba ile haikupimwa na mtu. Liliandikwa tu neno "haiwezekani" kwa tarakimu. Leicester walipoteza mechi tatu msimu mzima, wakatwaa ubingwa. Mabingwa watetezi, Chelsea, ambao kila mtu aliwanakili, walimfukuza kocha José Mourinho Desemba na kumaliza wa 10.

Nimemshauri rafiki yangu kitu kimoja tu: aache kuandika nafasi, aandike uwezekano. Asiseme "City bingwa". Aseme mara ngapi kati ya kumi. Ukimlazimisha mtu kutaja mara ngapi, unaona uso ukibadilika, kwa sababu ghafla anatakiwa kuzigawa zile zinazobaki kwa wengine. Aliyekuwa na uhakika wa asilimia mia anashuka hadi sita kati ya kumi kwa swali moja. Na nne zilizobaki anazigawa kwa nani? Hapo ndipo mazungumzo ya kweli ya mpira yanapoanza, maana analazimika kulitaja goti, kocha mpya, ratiba ya Ulaya, hata mahakama. Nani aliyehesabu kwamba 2023/24 Everton wangekatwa pointi 8 na Nottingham Forest 4 kwa kuvunja kanuni za fedha, na Forest wabaki salama kwa pointi 32, wakati West Ham waliwahi kushuka 2003 wakiwa na 42?

Alikubali, ila akasema atafanya hivyo msimu ujao. Wa sasa ameshaandika.

Jumapili ya mechi za kwanza, bingwa wake alipigwa nyumbani. Wachezaji walikuwa hawajaingia vyumbani ujumbe ukaingia kwangu: anaomba kubadilisha nafasi ya 1 na ya 4. Nikamkumbusha Verona. Nikamkumbusha Villa Park. Nikamwambia karatasi ina tarehe, nimeipiga picha, na orodha imefungwa. Akakaa kimya kama robo saa, kisha akajibu kwa maneno matano: "Lakini dirisha la usajili halijafungwa."